Bondia wa Shaba

Wageni wakiingia kwangu hukimbilia rafu. Huwashika watu wangu wadogo mmoja mmoja, wakawageuza, wakauliza huyu ni nani na yule mbona hana mkono. Mimi hujibu. Huyu ni joki, farasi wake alivunjika kabla hajanifikia. Huyu ni bibi wa tenisi, tazama sketi inavyofagia chini, sijui mpira aliufikiaje. Hawa wawili ni wapiga mieleka, wameshikana tangu kabla babu yangu hajazaliwa na mpaka leo hakuna aliyeanguka. Halafu mgeni mwenye macho atauliza: na pale katikati, mbona pako tupu? Hapo mimi huinuka kwenda kuangalia chai.

Leo nitasema. Nimezeeka, na nimechoka kukimbilia chai.

Aliyeanzisha ugonjwa huu wa sanamu ni ndugu yangu, mdogo wangu wa pekee. Miaka ile ya hamsini ilipoanza tulikuwa tukikaa Nakuru, landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, chumba kimoja: mume wangu, ambaye kazi yake ilikuwa kuunganisha mabehewa pale stesheni, mama yangu, aliyehamia kwetu baada ya baba kufariki, mimi, muuza mandazi, na pazia. Nyuma ya pazia alilala ndugu yangu. Mchana alikuwa mchukuzi wa Mhindi mmoja aliyekuwa na duka la vitu vikuukuu karibu na soko. Jioni alikuwa bondia katika ukumbi wa wafanyakazi, na mtaa mzima ulimjua.

Mzungu akiuza shamba lake Njoro au Molo na kurudi kwao, au bibi kizee akifiwa na mumewe, vitu vya nyumba vilipigwa mnada, na yule Mhindi alinunua kwa mafungu. Ndugu yangu alibeba. Alibeba vitanda, meza, vioo, vichwa vya swara. Na katika kila nyumba, kwenye ile rafu ya juu ya moto, alikuta sanamu. Wazungu wale walipenda michezo, jameni! Waliwaacha mama zao wakilia bandarini, lakini sanamu ya mcheza kriketi, iliyokuwa ya mababu wa babu zao, hiyo waliifunga vizuri ndani ya blanketi wakaja nayo melini mpaka Bonde la Ufa. Zile zilizovunjika Mhindi hakuzitaka. Basi zilikuja kwetu.

Mwanzo nilicheka. Nilimwambia, "Wewe umetumwa kazi au umetumwa kuokota walemavu?" Lakini akawa ananiletea, ananieleza, na mimi nikaanza kungoja. Nikajua kuangalia chini ya kikalio kama kuna mikwaruzo ya miaka. Nikajua kunusa. Siku moja nilipeleka mpiga makasia dukani nikamwonyesha Mhindi jinsi nilivyomsugua kwa majivu na ndimu akang'aa. Mhindi alishika kichwa. "Mama, wewe naua yeye!" alisema. "Ile rangi nyeusi, ile kijani ndani ya mikunjo, hiyo ndiyo umri yake. Kitu ya zamani hapana sugua hata siku moja." Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Tangu siku hiyo hakuna kitambaa chenye maji kilichogusa watu wangu.

Mama hakuwapenda. Sisi ni watu wa kule ziwani, magharibi, na kwetu kitu chenye sura ya mtu lazima kiwe na jina na kwao. "Mnakusanya watu msiojua walikotoka," alikuwa akisema huku amegeuzia rafu mgongo. "Siku moja watawauliza wao ni wa nani." Mume wangu naye alinitania kwamba itabidi sisi tuhamie nje, sanamu zibaki ndani zikilipiwa na reli.

Kisha akaja bondia.

Urefu wake ulikuwa wa chupa ya bia, lakini uzito, lo! Shaba nyeusi tupu. Kifua wazi, masharubu, suruali ya kubana, ngumi bila glavu, namna walivyopigana watu wa zamani sana. Na bega la kushoto lilikuwa limeinama. Ndugu yangu alipokuwa mdogo alianguka kutoka juu ya mti, mganga wa mifupa akaunga vibaya, na bega lake la kushoto likabaki chini kuliko la kulia. Ndivyo alivyosimama ulingoni, ndivyo alivyotembea, ungemtambua kwa nyuma katika umati wa sokoni. Mtu fulani, huko Ulaya, kabla hata reli haijafika kwetu, alikuwa amemfinyanga mwanaume mwenye bega lile lile.

Bondia huyo hakuwa amevunjika, kwa hiyo Mhindi hakutaka kumtoa. Ndugu yangu alimbembeleza kutwa kucha. Mwishowe Mhindi, kwa kuchoka tu, alikuja ukumbini kumwona akipigana. Alikaa nyuma peke yake amevaa koti. Ndugu yangu alipovua shati akapanda ulingoni, Mhindi alimtazama kidogo, akatikisa kichwa, akaondoka kabla ya kengele. Kesho yake alimpa sanamu. Tulimweka katikati ya rafu, na hata mama siku hiyo aligeuka akamtazama. "Huyu namjua," alisema. Kwa mara ya kwanza.

Jeshi nalo lilipenda mabondia. Walikuja na maneno matamu, kwamba jeshini kuna ulingo, kuna nyama kila siku, kuna safari. Nilimkataza. Nilimwambia ng'ombe hunona kwa sababu ya kisu. Alicheka akanibeba juu kama gunia. Asubuhi ya kuondoka alimsogeza bondia kidogo kwenye rafu, mbele, awe wa kwanza kuonekana mlango ukifunguliwa. "Dada," alisema, "huyu usimpe mtu mpaka nirudi. Hata akuombe nani." Nikamwambia aondoke zake asinicheleweshee mandazi yangu. Basi hayo ndiyo maneno niliyomwambia.

Walimpeleka vitani ng'ambo ya bahari, mashariki ya mbali, kwenye misitu ambayo wanasema mvua haikatiki. Huku nyumbani nako Emajensi, ile hali ya hatari ya Mau Mau, ilikuwa imetangazwa, kila mtu na kitambulisho chake mfukoni na hofu yake tumboni, majirani zetu Wakikuyu wakichukuliwa na malori. Kwa hiyo gari la jeshi liliposimama mbele ya landhi mchana mmoja, watu wote walifunga milango. Alishuka mzungu mmoja kijana na sajini mweusi. Mzungu alivua kofia. Sajini ndiye aliyesema, kwa Kiswahili cha jeshi, amesimama wima: walikuwa wakivuka mto, mto umefurika, kamba ikakatika. Wenzake walitafuta mpaka chini sana. Hawakumwona.

"Hamkumwona," nikasema mimi. "Basi hamjui."

"Mama, mto ule..."

"Nimekuuliza mto? Umemwona amekufa?"

Sajini alitazama viatu vyake. Alisema hapana.

Nikamgeukia mama. Nilitaka asikie vizuri neno lile, hapana. Ndugu yangu alikulia mtoni, aliogelea kuliko samaki, mto gani wa kumshinda? Mama alikuwa ameketi chini, miguu imenyooka mbele, mikono juu ya mapaja. Hakulia. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa nifunge mlango, vumbi la soda la Ziwa Nakuru linaingia.

Kwetu mtu akipotea mwili, haachwi hivyo. Wazee hutafuta yago, lile tunda refu la mvungunya, zito kama mtoto, wakalivika nguo, wakalizika kama mtu, na kilio kikaanguliwa. Hapo marehemu amepata nyumba. Asipozikwa, hutangatanga, na nyumba ya mama yake haiponi. Sikuwa napinga desturi. Nilikuwa napinga kuzika mtu mzima aliye hai! Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, alituma ujumbe kutoka nyumbani kwamba yago liko tayari, mama aletwe. Nilijibu kwamba hakuna msiba. Akatuma tena. Nikajibu vile vile.

Na mimi nikawa nakusanya kama mwenda wazimu. Nilikuwa nimejiambia kwamba akirudi akute rafu imejaa, aone sikulala. Nilifuata minada kwa miguu, nikasimama nje ya nyua za wazungu nikingoja vilivyotupwa. Mhindi hakunicheka tena. Aliniwekea vilivyovunjika ndani ya sanduku la chai, na akinipa alikuwa haniangalii usoni. Mkimbiaji wa udongo mweupe asiye na kichwa. Mwogeleaji. Huyo mwogeleaji nilimkumbatia njia nzima kutoka sokoni, watu wakinitazama.

Mama naye aliacha kula. Nikipika ugali, anamega tonge moja, analizungusha kwenye sahani, anarudisha. Nilimpeleka hospitali, wakampima, wakasema hana ugonjwa. Nguo zilianza kumning'inia. Alikuwa akikaa akitazama mlango tu, na mara nyingine niliona midomo yake ikisema na mtu.

Siku moja nilirudi na karai langu la mandazi nikamkuta amekaa sakafuni, bondia kwenye mapaja yake. Kando kulikuwa na bakuli la maji ya vuguvugu na kikopo cha samli. Alikuwa anamsugua. Anamsugua mabega, anamsugua kifua, kwa kiganja, polepole, na kule begani ile rangi nyeusi ilikuwa imekwisha toka, bega la kushoto linang'aa kama sufuria mpya.

Nilipiga kelele. Nilitupa karai, mandazi yakasambaa. "Mama! Huyo hasuguliwi! Umemharibu! Umeniharibia!" Nikamnyang'anya. Ndiyo, nilimnyang'anya mama yangu mzazi kitu mkononi, na mikono yake ikabaki hewani, imejaa mafuta.

"Namwogesha," alisema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Maji ya vuguvugu, samli, kiganja. Hivyo ndivyo maiti wetu huandaliwa.

"Wanataka nizike tunda," mama aliendelea. "Tunda halina bega. Mwanangu alikuwa na bega. Huyu ndiye nitakayemzika."

"Hujafiwa, mama! Nani amekwambia umefiwa?"

"Usinifokee."

"Aliniambia nisimpe mtu mpaka arudi! Chukua mwingine. Chukua huyu mkimbiaji, chukua joki, chukua wote, beba hata rafu yenyewe!"

Aliinua macho akanitazama kwa mshangao. "Nikazike mtoto wa watu?"

Akafuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kwa kidole. "Huja mchana," alisema. "Jua likiwa kali. Anasimama hapo mlangoni, maji yanamtiririka. Ananiuliza, Mama, nilale wapi? Wewe uliye na akili, nisaidie. Nimjibu nini? Nimwambie alale wapi?"

Nikalia. Nililia kwa hasira, nililia kwa sababu mimi nilikuwa nafungua mlango ule kila siku na sijawahi kumwona hata mara moja. Angekuja kwa mama asije kwangu? Nilimrudisha bondia kwenye rafu nikamgeuza, bega lile lililoharibika lielekee ukutani.

Mume wangu ni mtu wa maneno machache. Alivumilia, akavumilia, mpaka jioni moja mama alipojaribu kusimama akashindwa. Alimbeba akamlaza, akanifuata nje nilikokuwa napika. "Mke wangu," aliniambia, "utazika wawili." Asubuhi nilikwenda ofisi ya serikali kuomba ruhusa ya safari.

Tulipanda treni ya Kisumu, mama na mimi. Bondia alikuwa amefungwa kwenye shuka ya ndugu yangu, mama akampakata. Tulipita Njoro, ngano imeiva, nyumba za wazungu zikionekana kwa mbali juu ya vilima, na mimi nikawa nahesabu moyoni: pale alibeba kinanda, pale alitolewa joki. Mwanamke mmoja aliyepanda Molo akaketi mbele yetu, akaona namna mama anavyompakata, akainama kwa upole.

"Mtoto hajambo?"

"Amelala," mama akasema.

Nikageuza uso dirishani.

Baba mdogo alitupokea vizuri, lakini shuka ilipofunguliwa alirudi nyuma hatua. Aliita wazee wenzake. Walimzunguka bondia, wakamshika, wakamgonga kwa ukucha. Kisha baba mdogo akachuchumaa mbele ya mama, maana alimheshimu sana shemeji yake. "Mke wa ndugu yangu," alisema, "yago huoza. Ndiyo maana tunalizika. Mtu huzikwa ili aoze, udongo umpokee, apumzike. Shaba haiozi. Ukimzika huyu, utamwacha mwanao amesimama na ngumi juu chini ya ardhi mpaka mwisho wa dunia. Siwezi kumfanyia mtoto wa kaka yangu hivyo." Alisema kwa machozi, na alikuwa na haki. Mama hakubisha. Baba mdogo alinipa bondia mkononi, akaniambia nikae naye mbali na kaburi.

Niseme ukweli? Nilifurahi. Jameni, nilifurahi mpaka nikaogopa watu wasinione. Wazike tunda lao. Bondia atarudi Nakuru na mimi, atasimama katikati ya rafu, na maadamu amesimama, kijana wetu yuko hai mahali fulani akitafuta njia. Nilimfunika kwa kanga nikamkumbatia kifuani.

Kaburi lilikuwa limechimbwa mbele ya kibanda alichojijengea ndugu yangu akiwa kijana. Jua lilikuwa linaelekea ziwani. Waliliteremsha yago, limevikwa shati lake, na baba mdogo akasema maneno, akalitaja jina lake lote na majina ya baba zake. Kisha tukangoja. Kwetu kilio hakianzi mpaka mwenye mtoto aanze. Wanawake walikuwa wamejaa ua, mikono tayari kichwani. Tukangoja. Mama alikuwa ameketi ukingoni, anatazama chini, macho makavu.

"Lia, mama," baba mdogo akamwambia taratibu.

"Nimlilie nani?" mama akauliza. Hakuwa anafanya ukaidi. Alikuwa anauliza kweli, kama mgeni aliyeingia msiba wa watu asiowajua. "Huyu simjui."

Ng'ombe walikuwa wanarudi, mtu akawazuia kwa fimbo wasikaribie. Nikamtazama mama, shingo ile imebaki mishipa mitupu, na nikajua kama ninavyojua jina langu kwamba kilio kile kisipotoka, hatutarudi Nakuru wawili. Na kilichokuwa kinamzuia kilikuwa kifuani kwangu.

Sikumwomba mtu ruhusa. Ningesimama kufikiri nisingeweza. Nilipita katikati ya wazee, nikakaa ukingoni, nikateremka kaburini na viatu vyangu. Baba mdogo alitaja jina langu mara moja tu. Nilimfunua bondia. Kwanza nilimlaza chali, na ngumi zikaelekea juu, nikaona hapana, halali mtu hivyo. Nikamgeuza kwa ubavu wa kulia, kama wanaume wetu wanavyolazwa, mgongo wake ukiliegemea yago. Bega la kushoto likabaki juu. Lile lililosuguliwa. Jua la jioni liliingia mpaka chini likalipiga, na katika udongo wote ule likang'aa lenyewe.

Mama aliliona. Alifungua mdomo, na kilio kilichotoka sijapata kukisikia tena maishani. Alimwita kwa jina la utotoni, lile ambalo yeye peke yake alilitumia. Wanawake wakamfuata, ua ukalipuka. Nilipandishwa juu na mikono nisiyoijua. Wazee walitazamana, lakini hakuna aliyethubutu kutia mkono wake mle ndani mbele ya kilio cha mama yake. Baba mdogo alishika jembe akatupa udongo wa kwanza, akilia kama mtoto.

Siku ile mama alikula. Ugali na mboga, akaomba aongezwe. Aliishi miaka mingi baadaye, akanenepa, akagombana na majirani, akawalea watoto wangu, na sikumsikia tena hata mara moja akisema kuna mtu mlangoni. Akiulizwa kuhusu mwanawe alijibu kwa utulivu kwamba amelala nyumbani.

Mimi nilirudi Nakuru na shuka tupu. Niliendelea kuuza mandazi pale stesheni, na kila treni ya kutoka Mombasa ilipoingia nilisimama, nikatazama mabega ya watu wakishuka. Mama alinizikia ndugu yangu, lakini mimi sikumwona akizikwa. Nilichokiona ni bondia. Mhindi aliwahi kuniwekea mwingine, mzima, mzuri kuliko yule, bila hata kasoro. Nilimtazama mabega, yote mawili yamelingana, nikamrudishia.

Hata sasa, uzee huu, nafasi ile siijazi. Ndugu yangu angekuwa mzee wa mkongojo. Lakini najua akifungua mlango wangu ataangalia rafu kabla hajanisalimu, na ataniuliza, dada, yule wangu yuko wapi? Nami itabidi nimshike mkono, nimpandishe gari mpaka kwetu, nimsimamishe mbele ya kaburi lake mwenyewe, nimwambie chimba.